Fatsia, tetrapanax au mgomba wa Kijapani: upande upi kwenye bustani ya baridi?

Bustani yangu hapa Leicester ina upana wa mita tano na urefu wa mita kumi na moja. Upande mmoja kuna ukuta wa matofali ambao tangu Oktoba hadi Machi hauoni jua, upande wa pili ni uzio wa mbao wa jirani, na chini ni udongo wa mfinyanzi: Februari unang'ang'ania viatu, Agosti unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Kwa miaka kumi na mbili nimepanda humo mimea ya majani mapana, nimeiua, nimeing'oa, nimepanda tena. Aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa sababu. Waridi ni zuri, lakini jicho lililozoea migomba na mipapai linadai jani la kujifunika mvua.

Wanaoniomba ushauri huniuliza mche upi una jani kubwa kuliko yote. Mimi huwarudishia swali: Januari, ukiwa umesimama dirishani na kikombe cha chai, utakuwa unaangalia nini? Huku siku fupi kuliko zote ina mwanga wa saa saba na nusu tu, na tangu Novemba hadi Aprili bustani unaiona kwa kioo zaidi kuliko unavyoitembelea. Mmea unaopendeza miezi mitano halafu ukawa mzoga miezi saba una gharama ambayo bei ya dukani haikuambii. Kwa hiyo nimeupima kila mmea kwa baridi kwanza, joto baadaye.

Nitalinganisha minne ambayo nimeishi nayo: fatsia, tetrapanax, mgomba wa Kijapani na mtende wa China. Mtaalamu atasema mgomba ni jani tu, si kichaka, na mtende ni mti. Sawa. Ila kwenye duka la mimea vyungu vyote vinne hupangwa pamoja, na mnunuzi ana hela ya kimoja.

Fatsia

Siku mama alipoiona kwa mara ya kwanza tulikuwa kwenye simu ya video. Tulikuwa tumeshasalimiana na kuulizana hali za watu wote. Ghafla akasogeza uso kwenye kioo.

"Mwanangu, huo mpapai unaishije kwenye barafu?"

"Si mpapai, mama."

"Basi nini?"

Nikakosa jina. Wajapani huiita yatsude, yaani mikono minane, ingawa ukihesabu vidole vya jani utakuta mara nyingi ni saba au tisa, idadi witiri. Waingereza nao wamezidisha mkanganyiko, maana wengi wao kwa mazoea huiita mbarika, ule wa mafuta ya kuharishia. Mbarika wa kweli ni wa kwetu Afrika Mashariki, mbegu zake zina sumu kali, na huku hupandwa kwa msimu mmoja tu kwa kuwa jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda, huulaza. Fatsia ni ya ukoo mwingine kabisa, ukoo wa ivi, mtambaazi ule unaofunika kuta za makanisa ya zamani. Undugu wao ni wa karibu hivi kwamba mwaka 1912, huko Nantes, Ufaransa, kitalu cha Lizé kilifanikiwa kupata chotara wa fatsia na ivi, na chotara huyo anauzwa hadi leo.

Jani la fatsia iliyoshiba hufika upana wa sentimita 30 hadi 40. Ni kijani kiza na linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi. Lile linalochipua Aprili huja na vumbi la rangi ya kaki, ukipitisha kidole linafutika. Majani hayapukutiki wakati wa baridi, na kwangu hiyo pekee inatosha kuiweka mbele ya wenzake watatu.

Jambo moja mnunuzi alijue mapema. Asubuhi ya jalidi, umande ukiwa umeganda mweupe kama chumvi, fatsia huinamisha majani yote. Vikonyo vinalegea, mmea mzima unaonekana kama umemwagiwa maji ya moto. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda bandani kuchukua mkasi wa kupogolea nikijua basi, imekufa. Simu ikanichelewesha. Saa sita mchana nilipotoka tena, majani yalikuwa yamenyanyuka, yametulia, hayana habari. Inafanya hivyo kila msimu, na mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri sijawahi kusikia mtu wa mtaa huu akilalamika kwamba yake imekufa.

Ipande kivulini. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa akili ya mtu wa pwani inasema kitu cha kitropiki kinataka jua. Ukiianika kwenye ukuta wa kusini majani hupauka, hugeuka manjano, mengine huungua kingo. Kwenye ukuta wangu usioona jua, mahali ambapo hata nyasi zilikataa, imefika mita mbili na nusu. Mwezi wa Oktoba na Novemba, maua ya wenzake yakiwa yamekwisha, yenyewe ndiyo kwanza inatoa mafundo meupe ya duara, na nyuki wa mwisho wa mwaka wote huhamia hapo pamoja na nyigu na mainzi. Baadaye huja matunda meusi ambayo ni ya ndege, si ya watoto.

Kasoro zake? Vidudu vya magamba vya rangi ya kahawia hujibandika chini ya majani na kudondosha utomvu unaonata, kisha juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Nafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, kazi ya nusu saa mara mbili kwa mwaka. Majani ya chini hugeuka manjano na kuanguka moja moja. Hilo ni la kawaida, usiitie mbolea kwa wasiwasi. Ikirefuka na kubaki miguu mitupu, ikate fupi mwezi wa Aprili, itachipua upya. Na wajuaji wa bustani huidharau kwa kuwa ipo kila mahali, mpaka kwenye maegesho ya supamaketi. Mimi nasema mmea unaostahimili maegesho ya supamaketi utastahimili kwangu.

Mgomba wa Kijapani

Huu ndio ambao kila mtu wa kwetu hununua kwanza. Nami nilifanya hivyo.

Jina lake linapotosha: asili yake ni China ya kusini, Ulaya ikaupata kupitia Japani. Ndizi zake, zikitokea, ni vidole vyembamba vilivyojaa mbegu, havili mtu. Na mara nyingi hazitokei, kwa sababu shina linahitaji kukua muda mrefu bila kukatwa na baridi ndipo litoe mkungu. Hili nilimweleza mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hela nilizonunulia nimeziokota.

Lakini ukiuona Julai utanielewa. Joto likishika, jani jipya hutoka kila baada ya wiki au pungufu, limeviringwa kama mkeka mpya unaotoka dukani. Asubuhi limesimama kama mwiko, kesho yake jioni limeshafunguka. Mche nilioununua ukinifika gotini ulinipita kimo kabla ya kiangazi cha pili kwisha. Katika minne hii, ni huu tu unaotoa ile sauti. Mvua ikipiga jani la mgomba, ukiwa jikoni umefumba macho, huko Leicester umeshaondoka.

Unakula, lakini. Hauna haya. Ndoo ya maji kila jioni ya Julai, samadi kila mwezi, na mahali pasipo na upepo, kwa kuwa upepo huyachana majani yakawa kama nyuzi za ufagio. Jirani yangu, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja na kufika hapa mwaka 1972 pamoja na wengine waliofukuzwa Uganda, hunigongea mlango Agosti. "Baba, majani iko? Nataka nne, nzuri nzuri, ya puja." Puja ni ibada ya Kihindu; namkatia yale ya upande wa ukuta ambayo hayajachanika. Mwaka wenye upepo mwingi tunatafuta manne mazima mpaka tunachoka.

Sasa baridi. Jalidi ya kwanza, kwa kawaida kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, huyageuza majani yote kuwa ya kahawia usiku mmoja. Yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Mizizi ni migumu. Ukiifunika kwa matandazo ya kutosha itavumilia hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Shina ndilo tatizo. Lisipofunikwa hugeuka ujiuji, na mwakani mgomba unaanza upya kutoka ardhini, kwa hiyo hauvuki kimo chako daima.

Kwa hiyo unauvisha. Nakata majani yote, naacha shina kama gogo. Nazungushia waya wa kuku, naupindia uwe kama tenga refu, ndani nashindilia majani makavu ya ngano hadi juu. Halafu nafunika kichwa kwa kipande cha plastiki, kwa kuwa maji yanayoingia katikati ya shina huua migomba mingi kuliko baridi yenyewe. Hapo nina kitu cha mita mbili kilichosimama katikati ya bustani kama mtu aliyefungwa bandeji, na nitakitazama hadi Aprili. Siku ya kukivua, shikilia pumzi: ngozi ya nje imeoza, harufu yake ni ya mfereji. Chini ya uozo huo kuna ngozi nyeupe iliyo hai, na baada ya wiki tatu jani linachungulia.

Kwenye bustani maarufu ya Great Dixter, kule East Sussex, mwenyewe aling'oa waridi mwaka 1993 akapanda migomba na mimea ya namna hii, na migomba yao huvishwa majani makavu ya kangaga badala ya ngano. Ila wao wana watunza bustani. Mimi nina Jumamosi moja ya Novemba, na mara nyingi inanyesha.

Tetrapanax

Kwa ukubwa wa jani, huu ndio bingwa. Aina inayouzwa kwa jina la 'Rex' inaweza kutoa jani lenye upana unaokaribia mita moja, limekatwakatwa kingo kama nyota, mgongo wake mweupe wa sufi. Ni ndugu wa fatsia, wa ukoo ule ule, kwao ni Taiwani na China ya kusini. Moyo wa shina lake ni mweupe na laini kama boflo. Wachina waliukata kwa kisu huku wakiuzungusha, ukafunguka kama mkate wa kuviringwa, wakapata karatasi, na katika karne ya 19 wachoraji wa Canton waliwauzia mabaharia wa Ulaya picha zilizochorwa juu yake. Wazungu waliiita karatasi ya mchele. Mchele haumo.

Nilinunua kimoja. Sasa ninavyo kumi na saba, sita kati ya hivyo viko kwa jirani.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa tatu, Oktoba, nilichimba kuzunguka shina lake nipande vitunguu vya maua. Beleshi likakata mizizi kadhaa, sikujali. Mei iliyofuata, kila mahali palipokatwa palitoa chipukizi. Mzizi wa tetrapanax hutambaa karibu na uso wa ardhi, hupita chini ya uzio, na ukiujeruhi hujibu kwa kuzaa. Yule mama jirani alinionyesha kimoja katikati ya nyasi zake, mita nne kutoka kwa mzazi wake. "Hii mtoto yako," akasema. Nikaomba radhi, nikang'oa. Mwezi uliofuata vilikuwa viwili.

Kisha kuna malaika wale, ile sufi ya majani machanga na vikonyo. Ukipogoa siku kavu hupeperuka na kuingia kooni. Si upupu, lakini ni mdogo wake. Unakohoa jioni nzima, macho yanawasha. Vaa barakoa na shati la mikono mirefu, na usipogoe mtoto akiwa karibu.

Baridini majani huanguka. Baridi ikiwa ya wastani, shina hubaki kama nguzo tupu na kuchipua kileleni mwakani, mti ukazidi kurefuka. Ikiwa kali, shina hufa, mizizi inaanza upya. Kwa hali yoyote, Januari unatazama fimbo.

Mtende wa China

Sina mengi, kwa kuwa hausumbui. Mskoti Robert Fortune, huyo huyo aliyehamisha michai kutoka China kwenda India, aliuleta Uingereza mwaka 1849, na tangu hapo umezoea. Majani yake ni ya umbo la upepeo kama ya mkoche, shina limevaa nyuzi kama makumbi ya nazi. Huvumilia nyuzi 15 chini ya sifuri ukishazoea mahali pake, hauhitaji kuvishwa, hauvamii kwa jirani. Unakwenda polepole: usitarajie zaidi ya sentimita 20 au 30 kwa mwaka, na ule wa kimo cha mtu utaulipia mamia ya pauni kwa kuwa mtu mwingine ameungojea badala yako. Unataka jua na udongo usiotuama maji, na upepo huuchakaza. Nimeuweka kwenye kona pekee ya bustani yenye jua la kutosha, nikausahau.

Karibu yake utaona dukani mwenzake wa bei nafuu, kordilaini ya New Zealand, wenye majani membamba kama panga. Pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza ipo mitaani tele. Huku katikati ya nchi, achana nao. Desemba 2010, iliyokuwa Desemba ya baridi kuliko zote tangu takwimu za taifa zinazoanzia 1910, iliwaua wengi mno, na majani yake makavu hujiviringisha kwenye mashine ya kukatia nyasi mpaka inazima.

Mwaka uliowapima wote

Mwaka 2022 ulinifanyia kazi ya majaribio bila kuombwa. Tarehe 19 Julai, Coningsby, mkoa jirani wa Lincolnshire, ilipimwa nyuzi 40.3, joto ambalo Uingereza haikuwahi kulirekodi. Miezi mitano baadaye, katikati ya Desemba, kipimajoto changu cha bandani kilisoma 8 chini ya sifuri usiku tatu mfululizo.

Siku ya joto mgomba ulifurahi. Nilimwaga ndoo tatu, ukanywa zote. Tetrapanax ililegea mchana ikasimama usiku. Mtende haukuonyesha dalili. Fatsia ya ukutani haikujali, ila nyingine ndogo niliyoiacha kwenye chungu juani iliungua majani matano kwa saa nne, yakawa kama karatasi ya chai.

Desemba ile, fatsia iliinama siku tatu badala ya asubuhi moja. Siku ya nne ikanyanyuka. Mgomba uliovishwa ulipoteza nusu ya juu ya shina, nusu ya chini ikapona. Mtoto wake niliyekuwa mvivu kumvisha alioza hadi ardhini, akarudi mwezi wa sita. Tetrapanax ilikufa shina lote na kurudi Mei, pamoja na ndugu zake wapya. Mtende, kimya.

Ungekuwa wewe

Ukiwa na bustani ndogo ya nyuma ya nyumba, ukuta wenye kivuli na kazi ya wiki nzima, nunua fatsia, na ukibaki na hela nunua ya pili. Mche wa chungu cha lita tatu mimi nilinunua kwa pauni kumi na tano hivi, na miaka mitano baadaye huwezi kuutofautisha na ule wa pauni themanini. Ukikodi nyumba na huna uhakika wa kukaa, iweke kwenye chungu kikubwa kivulini, inakubali kuhama.

Mgomba ununue kama una kona isiyo na upepo, bomba la maji karibu, na moyo wa kuuvisha kila Novemba. Uuweke mahali ambapo hauko mbele ya dirisha la jikoni, ili ile bandeji isikukodolee macho wakati wote. Mmoja unatosha; watoto wake atakupa mwenyewe, nawe utawagawia jamaa.

Tetrapanax ni ya mwenye eneo. Kwenye nyumba zilizoshikana kama yangu, ipande tu ukiwa tayari kuchimba kizuizi cha plastiki ngumu kuizunguka, kina cha nusu mita, kabla ya kuipanda. Baada ya kuipanda umechelewa, niulize mimi. Na kama jua ni tele, udongo unapitisha maji na una subira ya miaka kumi, mtende, bila mjadala.

Yote minne panda mwisho wa Aprili au Mei, hata kama Septemba duka linapunguza bei kwa nusu. Mche unaotiwa ardhini Septemba huingia kwenye baridi kabla mizizi haijashika, na mfinyanzi uliojaa maji humalizia kazi. Fatsia peke yake ndiyo nimewahi kuipanda Oktoba ikaishi. Ilikuwa ya nusu bei, na majani yake mawili yalikuwa yamevunjika. Ndiyo hiyo iliyo ukutani.